Kubana kifua siku za hedhi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa wanaume trans (wanaume ambao walipozaliwa waliitwa wasichana), kwa wasiojitambua kama wanaume wala wanawake, na kwa yeyote anayebana kifua kwa bainda, yaani nguo ya ndani inayokifanya kifua kiwe bapa, huku mwili wake bado unapata hedhi. Mashauri mengi kuhusu kubana kifua huandikwa kana kwamba kifua kiko vilevile mwezi mzima. Hakiko hivyo, na hapo ndipo wengi wetu tunapoumia.

Wiki mbili zilizopita bainda yangu ilinikaa sawasawa. Mbona leo inanikaba?

Kwa sababu kifua chenyewe kimebadilika. Yai likishatoka kwenye ovari, kwa kawaida siku 14 hivi kabla ya damu kuanza, mwili huongeza homoni ya projesteroni, na estrojeni nayo hupanda tena. Homoni hizi mbili huiamsha tishu ya matiti: mirija hutanuka, tezi hujaa, maji hukaa ndani ya tishu. Kifua kinakuwa kizito, kinauma kikiguswa, na mara nyingi kina vinundunundu, hasa sehemu ya juu kuelekea kwapani. Kwa wengine maumivu hufika mpaka kwenye mkono. Kilele chake huwa siku chache kabla ya damu kuonekana. Homoni zikishashuka na hedhi ikaanza, maumivu nayo hulegea taratibu.

Maana yake ni kwamba siku ngumu zaidi kwa bainda mara nyingi huwa zimepita damu inapoanza. Wengi husubiri waone damu ndipo walegeze, na kufikia hapo mbavu zimeshabanwa siku nne au tano juu ya kifua kilichovimba. Weka alama mbili kwenye kalenda kila mwezi: siku kifua kilipoanza kuuma, na siku damu ilipoanza. Baada ya miezi mitatu hivi utaanza kuona mpangilio wako na kujua lini ujiandae. Programu nyingi za simu za kufuatilia hedhi humwita kila mtumiaji msichana. Kama hilo linakuchoma, nukta ndogo kwenye kalenda ya kawaida inatosha, na hakuna atakayejua ni ya nini.

Je, ni lazima niache kabisa kubana siku hizo?

Si lazima kwa kila mtu. Ila ni lazima ubane tofauti.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliwauliza watu wapatao 1,800 wanaobana kifua, na asilimia 97 kati yao walisema wamewahi kupata angalau tatizo moja la mwili kutokana na kubana. Yaliyotajwa zaidi yalikuwa maumivu ya mgongo, joto kali mwilini, maumivu ya kifua na kukosa pumzi. Watu haohao walieleza pia kwamba kubana kuliwapunguzia wasiwasi na huzuni na kuwaongezea kujiamini. Yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja, na ushauri wowote unaoangalia upande mmoja tu haumsaidii mtu anayepaswa kutoka nyumbani kesho asubuhi.

Jambo jingine lililoonekana katika utafiti huo ni kwamba waliokuwa na siku za kupumzika bila kubana walipata matatizo machache kuliko waliobana kila siku. Sasa, kama utachagua siku za kupumzika ndani ya mwezi, chagua hizi. Siku mbili au tatu ambazo kifua kimevimba zaidi zina faida kubwa kuliko siku nyingine yoyote utakayoipumzisha.

Niivae kwa muda wa saa ngapi?

Kiwango kinachopendekezwa na wengi siku za kawaida ni muda wa saa 8, na usizidi saa 10. Huo ni mpaka wa juu, si muda ambao ni lazima ufikishwe. Siku za uvimbe mimi hushauri uhesabu kinyume: badala ya kuuliza utaweza kuvumilia saa ngapi, jiulize ni saa zipi unaihitaji kweli. Labda ni zile za darasani tu, au za mkutano, au za safari ya basi. Vaa kwa saa hizo. Njiani kurudi, kama upo mlango unaofungika, vua. Ukifika nyumbani vua kabla ya jambo lingine lolote.

Kama siku ni ndefu, ikatishe katikati. Tafuta mahali pa faragha, vua kwa dakika 20 au 30, vuta pumzi ndefu mpaka mbavu zifunguke pande zote, kohoa mara moja mbili ili mapafu yajisafishe, nyoosha mabega, kisha ujisikilize kama kweli unataka kuirudisha.

Saa ni kipimo kimoja tu. Ganzi mikononi, kizunguzungu, uchungu mkali unaochoma, au kushindwa kuvuta pumzi kamili vinamaanisha uivue sasa, hata kama uliivaa nusu saa iliyopita.

Ninunue bainda kubwa zaidi kwa siku hizo?

Ukiweza, ndiyo. Kuwa na ya pili yenye saizi moja zaidi kwa ajili ya siku hizo ni miongoni mwa mambo yenye msaada mkubwa. Kama unayo moja tu, angalia uliipima lini. Mtu aliyejipima mara baada ya hedhi, kifua kikiwa katika ujazo wake mdogo kabisa, atakuwa amenunua nguo inayomfaa nusu ya mwezi. Jipime mara mbili, wiki moja baada ya hedhi na tena kifua kikiwa kimevimba: zungusha futi ya kitambaa chini ya kwapa pale kifua kinapotokeza zaidi, bila kuvuta, ukiwa unapumua kawaida. Ukiangukia kati ya saizi mbili, chukua kubwa.

Kamwe usinunue ndogo kwa makusudi ili kifua kilale zaidi, na usivae mbili kwa pamoja. Kinachoongezeka ni shinikizo kwenye mbavu, na unyoofu unaopatikana ni mdogo mno.

Bainda ya zamani iliyolegea, ambayo ulikuwa karibu kuitupa, inaweza kuwa ndiyo nguo yako bora ya wiki hiyo. Ifue, uitunze.

Ipi afadhali, fupi inayoishia chini ya kifua au ndefu inayofika kiunoni?

Wakati wa hedhi, fupi. Tumbo huvimba kwa maji na gesi, mji wa mimba unajikaza, na kiuno kinauma. Ndefu hulibana tumbo hilohilo siku nzima, na ukikaa hujikunja kiunoni na kuwa kama mkanda unaokaza palepale panapouma. Wengine huipenda ndefu kwa sababu inaficha nyonga. Ikiwa ni hivyo kwako, vaa fupi chini na shati pana lisiloshika mwili juu yake.

Na bendeji je? Au tepu?

Bendeji ya kunyumbulika, ile ya kufungia kifundo kilichoteguka, isitumike kabisa kufungia kifua, siku yoyote. Imetengenezwa ili izidi kukaza kadiri mwili unavyosogea, na kila pumzi ni mwendo. Inaweza kuumiza mbavu na hata kuzivunja. Tepu ya kufungia maboksi ni hatari zaidi kwa sababu hainyumbuliki hata kidogo na huchuna ngozi ikibanduliwa. Najua wanaozitumia mara nyingi hawana pesa ya bainda, au wanaogopa itakuja kuonekana nyumbani. Kwenu nasema hivi: fulana mbili za kubana kiasi, au sidiria ya michezo iliyovaliwa chini ya fulana nene, haitakupa kifua bapa kabisa, lakini jioni utakuwa bado unapumua vizuri.

Tepu ya kunyumbulika ya wanamichezo, inayobandikwa kila upande peke yake bila kuzunguka mgongoni, huziachia mbavu nafasi, na wengi wanaipenda kwa sababu hiyo. Tatizo ni kwamba siku za uvimbe kuvuta tishu kuelekea pembeni kunauma, na ngozi huwa nyepesi kukasirika. Usiijaribu kwa mara ya kwanza wiki hiyo. Ijaribu wiki tulivu, kipande kidogo ubavuni kwa siku nzima, uone kama ngozi itawasha au kutoa malengelenge. Funika chuchu kwa kipande laini kisichonata. Unapoitoa, ilowanishe kwa mafuta na usubiri, kisha ibandue polepole kufuata ngozi.

Dawa gani ya maumivu inafaa?

Ibuprofeni hutuliza kifua na tumbo kwa pamoja, kwa sababu inapunguza prostaglandini, kemikali zinazoufanya mji wa mimba ujikaze. Mtu mzima anaweza kumeza miligramu 200 hadi 400, pamoja na chakula, mpaka mara tatu kwa siku. Bila maelekezo ya daktari asipite miligramu 1,200 ndani ya saa 24. Isitumiwe na mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, mjamzito, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, au mwenye pumu inayochochewa na dawa za kundi hili. Parasetamoli ni mbadala mzuri kwao: kwa mtu mzima isizidi gramu 4, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, kwa saa 24.

Jeli ya diklofenaki ya kupaka husaidia kifua kinachouma. Ila haipakwi kisha ikafunikwa na nguo ya kubana, kwa sababu dawa itaingia kwenye ngozi kupita kiasi na kuikera. Ipake jioni, ukishavua. Na kwa kuwa ni ndugu ya ibuprofeni, wasioruhusiwa moja wamuulize mfamasia kabla ya nyingine.

Lililo kubwa kuliko dozi ni hili: usimeze dawa ili uweze kuendelea kubana. Maumivu ndiyo habari pekee unayopata kutoka kwenye mbavu na mapafu yako. Ukiyazima asubuhi na kuvaa kwa muda wa saa 12, hutajua umejiumiza mpaka usiku. Dawa ni ya kukutuliza baada ya kuvua, au kukusaidia na tumbo siku usiyobana.

Kitambaa kilicholowekwa maji baridi, kikiwekwa kifuani kwa dakika 10 au 15, huwasaidia wengi. Wengine hupenda cha moto. Kwa tumbo na kiuno, joto kwa kawaida hushinda baridi. Kupunguza kahawa na chumvi kumewasaidia baadhi ya watu, ingawa ushahidi wake wa kisayansi ni hafifu. Jaribu mwezi mmoja, usipoona tofauti rudi kwenye kikombe chako.

Nakosa pumzi nikipanda ngazi. Ni bainda, au ni damu ninayopoteza?

Swali hili huulizwa mara chache kuliko inavyostahili. Nguo ya kubana huzuia mbavu kufunguka, kwa hiyo kila pumzi inakuwa fupi. Lakini mtu anayetoka damu nyingi kila mwezi anaweza kuwa na upungufu wa damu, na dalili zake zinafanana mno: kuhema kwa kazi ndogo, moyo kwenda mbio, kichwa chepesi, uchovu usioisha kwa usingizi. Akivaa bainda juu ya hali hiyo, ataiona nguo ndiyo mkosaji, au atajiona yeye ni dhaifu.

Vua, kaa kwa utulivu, ngoja. Pumzi iliyokatishwa na bainda hurudi ndani ya dakika chache. Kama siku usiyobana bado unahema ngazini, kama ndani ya kope za chini na viganja vimepauka, kama pedi inalowa kabisa ndani ya saa moja kwa saa mbili au zaidi mfululizo, au damu inatoka zaidi ya siku 7, nenda ukapime wingi wa damu. Ni kipimo rahisi na majibu hayachelewi. Upungufu wa madini ya chuma unatibika, na watu hushangaa jinsi ambavyo bainda ileile inakuwa nyepesi baada ya damu kurudi mwilini.

Mwenye pumu asibane siku anayokohoa au kifua kinapopiga filimbi, na dawa yake ya kuvuta aiweke karibu kila wakati. Mwenye mafua mazito au nimonia asibane kabisa mpaka apone.

Ngozi chini ya kifua inawasha na kunuka. Nifanye nini?

Kifua kilichovimba hugusana zaidi na ngozi ya chini yake, jasho hubaki hapo, na fangasi hupenda mahali penye joto na unyevu. Osha kwa maji na sabuni isiyo na harufu, kausha mpaka pakauke kweli, kaa bila nguo ya juu kwa muda. Vaa fulana nyembamba ya pamba ndani ya bainda inyonye jasho. Wekundu wenye mpaka unaoonekana na vipele vidogo pembeni kwa kawaida ni fangasi, na krimu ya klotrimazoli kutoka duka la dawa huumaliza. Endelea kupaka kwa muda ulioandikwa hata kama muwasho umekoma mapema. Palipochubuka hapabanwi mpaka pafunge. Fua bainda mara kwa mara, ianike kivulini, na usivae ikiwa na unyevunyevu.

Kunywa maji. Wengi wetu hujinyima maji ili tusilazimike kuingia choo cha umma, hasa siku za hedhi ambapo kuna pedi ya kubadilisha. Mwili uliokauka ndani ya nguo nzito hupata joto haraka, kichwa kinauma, na watu huzimia. Chupi za hedhi zenye umbo la boksa, au vikombe vya hedhi, ambavyo vingi huweza kukaa kwa muda wa hadi saa 12, hupunguza safari za chooni bila kukulazimisha kukaa na kiu. Tamponi, kumbuka, haipaswi kupita saa 8.

Naweza kulala nayo? Nikiivua kifua kinauma zaidi kwa kuning'inia.

Usilale nayo. Usingizini huwezi kusikia ganzi wala pumzi iliyofupika. Lakini malalamiko hayo ni ya kweli, kwa sababu kifua kizito kisichoshikiliwa huvuta ngozi na kuuma kila ukigeuka. Unachohitaji usiku ni kitu kinachoshikilia bila kubana: fulana laini ya kunyumbulika isiyo na mishono migumu, ambayo vidole viwili vinapita chini yake bila shida. Lalia mgongo ukiwa na mto chini ya magoti, au lalia ubavu ukiukumbatia mto, utakaobeba uzito wa kifua na pia kutuliza tumbo.

Mazoezi?

Usifanye mazoezi mazito ndani ya bainda wiki hii. Tembea, nyoosha mwili, ukiwa na sidiria ya michezo au tepu kama umeizoea.

Maumivu kati ya mabega hutokana kwa sehemu na kujikunja ili kukificha kifua, na siku kinapouma tunajikunja maradufu. Simama mlangoni, weka mikono pande mbili za fremu usawa wa mabega, sogea mbele hatua moja mpaka kifua kivutike kwa wepesi, pumua mara tano. Kama hata huo mvuto unauma, acha na uzungushe mabega tu.

Siwezi kuvaa chochote kinachogusa kifua, na lazima nitoke. Nivae nini?

Nguo juu ya nguo. Fulana ya ndani ya rangi iliyokoza, shati la vifungo lililoachwa wazi juu yake, na koti jepesi au jaketi isiyong'aa. Shati lenye michoro midogo au mistari iliyovurugika hulipoteza jicho. Rangi moja nyepesi huonyesha kila kivuli. Mifuko ya kifuani yenye vifuniko husaidia sana. Kitambaa kigumu kinachosimama chenyewe, kama cha jinzi, kinashinda kitambaa laini kinacholala mwilini. Begi la mgongoni usilivae mbele ukidhani linaficha: mikanda yake huvuta shati na kuchora kile unachotaka kisionekane. Mfuko wa bega moja, mkanda ukiwa umelegea, ni bora.

Naelewa yote haya, lakini nikijiona kwenye kioo bila bainda nashindwa hata kutoka chumbani.

Sitakuambia ujikaze. Siku hizo mambo matatu hugongana: damu inayokukumbusha usichotaka kukumbushwa, kifua kilichoongezeka ukubwa, na homoni zenyewe ambazo kwa watu wengi huleta huzuni, hasira na wasiwasi hata bila sababu nyingine. Kisha mtu anakuja kukuambia uvue kile kimoja kinachokusaidia. Disforia ya siku hizo, yaani dhiki ya mwili kutolingana na vile unavyojitambua, ni nzito kweli, wala haimaanishi kwamba umerudi nyuma au kwamba wewe si yule uliyesema kuwa ndiye.

Yapo mambo yanayopunguza uzito. Oga taa ikiwa imezimwa au kwa mwanga hafifu. Funika kioo kirefu kwa shuka wiki hiyo. Ukiweza, panga mambo yanayohitaji uonekane na watu wengi yaangukie wiki nyingine, ndiyo maana ile kalenda ni muhimu. Mwambie mtu mmoja unayemwamini neno fupi tu, "ni wiki yangu ngumu," ili usilazimike kueleza kila mara. Fanya kitu kinachokurudishia nafsi yako kupitia sehemu nyingine ya mwili: kunyoa nywele, kuvaa viatu unavyovipenda, kuitwa jina lako na rafiki.

Kuvaa bainda kwa saa mbili ili uweze kula na wenzako mezani, halafu kuivua, ni uamuzi wenye akili. Mashauri yote haya yana nafasi ya jambo kama hilo.

Ikiwa kila mwezi kabla ya hedhi unaingia kwenye giza, unawaza kufa au kujidhuru, na hali hiyo inainuka damu ikianza, inaweza kuwa ni ugonjwa wa mhemko wa kabla ya hedhi, ambao una matibabu. Usisubiri mwezi mwingine ili uhakikishe. Mawazo ya kujiua yakija, mtafute mtu akae nawe leo hii, na mwende pamoja kwenye huduma ya dharura.

Natumia testosteroni (homoni ya kiume). Kwa nini kifua bado kinauma kila mwezi?

Kwa wengi hedhi hukoma ndani ya miezi sita ya kutumia testosteroni, lakini miezi ya mwanzo ovari huendelea na mzunguko wake, na kifua hufuata. Hata damu ikishakoma baadhi huendelea kusikia uvimbe au msokoto wa tumbo mara kwa mara. Kuchelewesha sindano ya testosteroni kunaweza kuirudisha hedhi. Testosteroni haiondoi tishu ya matiti. Inaweza kukilegeza kifua na kupunguza mafuta kidogo.

Testosteroni si uzazi wa mpango. Mtu mwenye ovari na mji wa mimba anayefanya ngono inayoweza kuleta mimba anaweza kushika mimba hata kama haoni hedhi, na dawa hiyo ina madhara kwa mtoto aliye tumboni. Kifua kinachouma kwa wiki kadhaa mfululizo, pamoja na kichefuchefu, ni sababu ya kupima. Na damu ikirudi baada ya mwaka mzima bila hedhi, muone daktari.

Naweza kuzuia hedhi yenyewe?

Ndiyo, na watu wengi hawajui kwamba hili linawezekana hata bila testosteroni. Kuna vidonge vya norethisteroni vya kila siku, sindano ya uzazi wa mpango ya kila wiki 12 hadi 13, kitanzi chenye homoni, na vidonge vya mchanganyiko vinavyomezwa mfululizo bila kuacha wiki ya damu. Kila kimoja kina tabia zake. Sindano na kitanzi mara nyingi huleta matone ya damu yasiyo na ratiba miezi ya kwanza kabla ya kutulia, na sindano hupunguza uimara wa mifupa wakati inapotumika. Kipandikizi cha mkononi kinafaa sana kama uzazi wa mpango, lakini damu yake haitabiriki. Vidonge vya mchanganyiko vina estrojeni, jambo ambalo wengine hawalitaki, na havifai kwa waliowahi kuganda damu kwenye mishipa au wenye kipandauso kinachotanguliwa na vimulimuli machoni. Muulize daktari swali hili waziwazi: je, njia hii inaweza kukifanya kifua changu kiume zaidi? Kwa baadhi ya watu inaweza, na ni haki yako kulijua mapema.

Je, kubana kifua kilichovimba kunasababisha saratani?

Hakuna ushahidi wa hilo. Kinachotokea ni kwamba watu wanaobana hukwepa kukigusa kifua chao, na hivyo uvimbe ukitokea unachelewa kugunduliwa. Vinundunundu vya kabla ya hedhi huwa pande zote mbili na hupungua damu ikianza. Muda mzuri wa kujikagua ni siku chache baada ya hedhi kwisha. Unaweza kufanya ukiwa na sabuni bafuni, bila kutazama. Kinundu kimoja kigumu kinachobaki baada ya hedhi, chuchu inayotoa damu au kuingia ndani ghafla, ngozi iliyojikunja kama ganda la chungwa, au maumivu yaliyokaa sehemu moja tu bila kufuata mzunguko, vyote vinahitaji kuchunguzwa. Hata aliyefanyiwa upasuaji wa kuondoa matiti hubaki na tishu kidogo.

Ni lini niende hospitali bila kusubiri?

Ukivua na pumzi isirudi. Maumivu ya kifua yanayokandamiza, au yanayochoma kama kisu kila ukivuta hewa. Kuzimia. Ganzi ya mkono isiyoondoka. Kukohoa damu. Sehemu moja ya kifua iliyokuwa nyekundu, ya moto, pamoja na homa. Homa kali ya ghafla na vipele wakati unatumia tamponi: itoe na uende.

Nitamwelezaje mhudumu bila kugeuzwa kuwa gumzo?

Huna deni la historia yako yote. Anza na linalomsaidia kukutibu: "Daktari, ninavaa nguo inayobana kifua, saa sita kwa siku. Kifua changu huvimba kabla ya hedhi. Tangu juzi nasikia maumivu upande huu nikivuta pumzi." Kama kusema ni vigumu, andika kwenye karatasi na umpe mkononi. Taja pia dawa zote unazotumia, testosteroni ikiwemo, hata kama uliipata bila cheti cha daktari, kwa kuwa inabadilisha maana ya vipimo vingine, wingi wa damu ukiwa mmojawapo. Unaweza kuomba mtu wako awepo chumbani, kuuliza kila hatua ina sababu gani, na kusema "naomba tupumzike kidogo" wakati wowote.

Vaa shati pana la vifungo vya mbele, kwa sababu ni lazima bainda ivuliwe ili mapafu yasikilizwe vizuri na mbavu zikaguliwe. Ivue mapema, chooni au nyumbani kabla ya kuondoka, uwe umeshapumua kawaida kwa nusu saa kabla hujaitwa ndani.